Jicho Si Chapati

Wacha niseme mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa Anti Mwikali ambaye huisimulia akiongeza chumvi na kunicheka katikati: ni kweli nilisimama ndani ya kanisa moja la Kawangware, mbele ya watu karibu hamsini ambao sikuwajua, nikatangaza kwa sauti ya juu kwamba nimejipaka machoni mafuta ya kukamulia ng'ombe. Ni kweli pia kwamba saa moja kabla ya hapo nilikuwa nimewahutubia watu haohao juu ya ujinga wa kujipaka vitu machoni. Aibu hiyo naikubali, ni yangu. Lakini mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu ni aibu ya ajabu kidogo, ambayo nikiikumbuka siinamishi kichwa, nakiinua.

Ilikuwa Februari ya 2008. Anti Mwikali ni dada mdogo wa marehemu baba yangu, alitoka Kitui akiwa msichana, na kwa miaka mingi amekuwa akishona sare za shule katika chumba kimoja mtaa wa Lindi, huko Kibera, cherehani mlangoni, kitanda nyuma ya pazia. Mimi alinichukua nikiwa darasa la tano akanifikisha chuo kikuu kwa cherehani hiyohiyo, nikatoka na shahada ya fizikia na tabia ya kubishana na kila kitu (tabia hiyo anasema hakuilipia, nilipewa bure). Sasa mwezi huo macho yake yalikuwa yamemgomea. Alisema ni kama mtu amemwagia mchanga wa mjengo ndani ya kope. Kufika saa sita sindano anaiona mbili, akipepesa inakuwa moja, akihesabu mpaka tatu inakuwa mbili tena. Alikwenda zahanati mara tatu na mara tatu akapewa dawa ileile ya kupaka na kuambiwa, "Mama, ni moshi tu, kila mtu Kibera ana macho mekundu." Na kweli kila mtu alikuwa nayo, maana tulikuwa tumetoka kwenye wiki za ghasia za uchaguzi, za matairi kuchomwa na vitoa machozi kurushwa hadi ndani ya nyumba, hata kuku walikuwa wanalia.

Lakini Anti hakuamini moshi. Mama yake alikufa kipofu, naye alikuwa ameamua kimyakimya kwamba zamu yake imefika. Nilijua hivyo siku niliyomkuta akiipangusa cherehani kwa kitambaa kipya, pole pole, kama mtu anayemwogesha mtoto kabla ya safari. Akaniambia Ijumaa anapanda basi kwenda Kitui na harudi, na cherehani amemwahidi mke wa pasta.

"Na hizi sare?" nikamuuliza, maana shule zilikuwa zimefunguliwa, na watoto waliochomewa kila kitu walikuwa wakienda darasani na nguo za nyumbani, na vitambaa vyao vilikuwa vimepangwa pale mezani vikiwa vimekatwa tayari.

"Atashona mwenye macho," akasema.

Basi ndiyo hali iliyokuwepo nilipoona tangazo kwenye ukuta kule Olympic, hapo hapo Kibera: wataalamu wa macho watakuwa Kawangware Jumatano, wana mashine mpya ya kupiga picha machozi ili kujua kama jicho limekauka. Nilicheka peke yangu barabarani. Nchi nzima inalia, halafu mtu anabeba mashine kutoka ng'ambo kuja kuangalia kama tuna machozi ya kutosha! Na jicho la Anti linatiririka mchana kutwa, litakuwaje kavu? Nilimwendea Anti kwa sababu moja tu, kwamba Jumatano ilikuja kabla ya Ijumaa.

"Tutaenda," nikamwambia, "lakini usiamini kitu mpaka mimi nimekikagua."

"Wewe kijana hata ugali unaukagua," akajibu. Lakini alivaa viatu vya kanisani, nikajua anatumaini.

Na sasa nafika kwenye uamuzi wenyewe, ule mdogo ulioharibu kila kitu. Jumatano asubuhi, tukiwa tunatoka, jirani yetu Oti, fundi wa kuchomelea mageti, akatusimamisha na kopo mkononi. Mafuta ya kukamulia, yale ambayo mkulima hupaka chuchu za ng'ombe na sisi wa mjini tunajipaka usoni tukashangaa tunavyong'ara.

"Niaje msomi. Mnapitia Ngong Road? Huko nasikia karao wako wengi na vitoa machozi vyao. Jipake hii kwa macho, gesi haishiki."

Nikamweleza, kwa utaratibu wa darasani, kwamba hayo ni mambo ya mtaani yasiyo na ushahidi, na kwamba mafuta yanaweza hata kuikamata gesi na kuishikilia kwenye ngozi. Oti akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Sawa. Utalia kama mtoto mbele ya anti yako, shauri yako."

Anti akakataa, akasema uso wake anaupeleka kwa daktari kama ulivyo. Mimi (na hapa ndipo ninapojichukia) nilingoja ageuke kufunga kufuli, nikachovya kidole, nikapaka chini ya macho, juu ya macho, na kwenye nywele za kope zote, haraka haraka, kama mtu anayeiba sukari. Sikuamini. Lakini nilijipaka. Mkiniuliza, kama mlivyoniuliza mara nyingi, ni kwa nini mtu asiyeamini anajipaka, nami nitawajibu kwamba karao wako Ngong Road na shahada haizuii gesi.

Tulitembea kwa miguu, kupitia Olympic, tukakata Ngong Road tukiwa tumeshikana mikono, na hakukuwa na karao wala gesi, kulikuwa na mama mmoja anayeuza ndizi. Karibu na Dagoretti Corner nikajipangusa macho kwa mkono wa shati nikaona mafuta yameisha. Nikayasahau kabisa.

Pale kanisani laini ya watu ilikuwa imefika nje. Na watu hawakuwa na raha, kwa sababu siku zile ukimwelekezea mtu kamera na kumwandika jina alitaka kujua orodha inaenda wapi na ni nani ataisoma. Ndiyo maana Sista Rosa, muuguzi aliyesimamia shughuli, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukata, aliamua skrini ya kompyuta igeuzwe itazame viti, ili kila mtu aone kinachopigwa picha ni jicho tu, hakuna jina. Uamuzi mzuri sana. Ulikuja kunimaliza.

Kijana wa mashine aliitwa Collins, lakini kwa kuwa alivaa koti jeupe kila mtu alimwita daktari. Nikamhoji hapo hapo. Akanieleza vizuri, lazima niseme. Chozi si maji peke yake, juu ya maji kuna utando mwembamba wa mafuta, unatoka kwenye tezi zilizojipanga ukingoni mwa kope, na kazi yake ni kuzuia maji yasikauke. Mashine inamulika mwanga juu ya jicho na kamera inanasa rangi za ule utando, kama zile rangi unazoona dizeli ikimwagika kwenye dimbwi. Mafuta yakiwa ya kutosha rangi zinaonekana. Yakipungua unaona kijivu, na maji yanakauka mtu akiwa bado hajapepesa. Jicho likiungua linajimwagia machozi mengi ya maji matupu, yasiyokaa. Kwa hiyo ndiyo, mtu anaweza kulia mchana kutwa na jicho lake likawa kavu.

Nilipenda maelezo hayo kuliko nilivyotaka kuonyesha. Sista Rosa akaona ninavyoelewa, akanipa karatasi ya masharti. "Wewe una sauti. Wasomee hao watu."

Angekuwa ananijua asingethubutu. Nilisimama mbele ya madhabahu nikasoma: asubuhi ya kupimwa usijipake wanja, usijipake dawa ya meno, usijipake mafuta ya aina yoyote karibu na jicho. Ningeishia hapo. Lakini watu walicheka kidogo kwenye ile ya dawa ya meno, na mimi nikichekewa kidogo nataka nichekewe sana, kwa hiyo nikaendelea ya kwangu. Nikasema tunadanganyana mitaani. Nikasema hakuna utafiti. Nikasema, "Jicho si chapati jamani, ati lipakwe mafuta ndiyo liive!"

Kanisa lilivunjika mbavu. Mzee mmoja fundi viatu, Baba Shiro wa hapo hapo Kawangware, alipiga goti lake kofi na kurudia, "Si chapati!" Anti Mwikali alikuwa amekaa kiti cha mbele, na uso wake ulijaa ile fahari ya mtu anayeona karo yake ikizungumza.

Halafu Collins akauliza nani aanze tena, maana alikuwa ameshapima watu kumi na mmoja na matokeo yalimchanganya. Nikainua mkono. "Mimi. Nina macho mazima, sijawahi kuumwa. Mashine ikisema ni mgonjwa, tujue ni ya uongo, twende nyumbani." (Chuoni tulifundishwa kwamba chombo kipya unakijaribu kwanza kwa kitu unachokijua. Nilidhani ninajijua.)

Nikaweka kidevu mahali pa kidevu. Mwanga mweupe. "Pepesa. Tulia." Nikasikia watu wote nyuma yangu wakivuta pumzi kwa pamoja.

Nikageuka kuangalia skrini. Jamani, jicho langu lilikuwa zuri! Dhahabu, zambarau, buluu, kijani, yote yanaelea. Collins alivua miwani akaivaa tena. "Sijawahi kuona utando mnene hivi," akasema, "tangu tufundishwe." Baba Shiro akaanza kupiga makofi na wengine wakafuata. Mama mmoja akasema macho ya mtu aliyesoma yanajulikana. Na mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, sikuuliza chochote. Niliinama kidogo, kama waziri. Collins akasema ataihifadhi ile picha iwe mfano wa jicho zima, akaiacha upande wa kushoto wa skrini.

"Sasa Mama aje."

Anti akaketi. Upande wa kulia wa skrini likatokea jicho lake, na lilikuwa kijivu. Kijivu cha maji ya kuoshea sufuria. Akapepesa, kikatanda, na kabla hujasema kitu kikapasuka vipande vipande. Kushoto langu likiwaka kama taa za sikukuu, kulia lake likiwa hivyo. Hakuna aliyepiga makofi. Collins alianza kusema kwamba kuna picha ya pili ya kupiga, ya kuangalia tezi zenyewe kama bado ziko hai, lakini Anti alikuwa amekwisha kusimama na anatafuta mkoba wake.

"Nimeona," akasema. "Hata mtoto ataona. Ahsante daktari, usihangaike na ya pili."

"Mama, hatujamaliza."

"Mimi nimemaliza. Ijumaa ni basi."

Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, ameshikilia kiti kimoja kimoja, viatu vyake vya kanisani vikigonga sakafu. Na hapo ndipo niliyatazama tena macho yangu kwenye skrini, nikiwa natafuta kosa lolote la kumwambia, na nikaliona. Rangi zile hazikutandazika kama utando. Zilikuwa matone. Vidonge vya duara vyenye ukingo, vimerundikana karibu na nywele za kope. Ni mafuta gani hukaa hivyo? Nikajigusa kope. Nikaangalia kidole. Kilikuwa kinang'aa.

Niliwaza mambo mengi kwa muda mfupi sana. Kwamba naweza kunong'ona kwa Collins peke yake. Kwamba naweza kumfuata Anti nje nikamweleza taratibu barabarani. Lakini alikuwa ameshafika mlango na nilimjua, akitoka nje ni Kitui, na aliyemtoa nje ni picha yangu, mbele ya watu, kwa hiyo na kumrudisha ilibidi iwe mbele ya watu.

"Anti rudi!" nikapiga kelele. "Ni uongo! Nimejipaka mafuta!"

Sista Rosa akauliza, kwa sauti ile ya kukata, "Mafuta gani?"

"Ya kukamulia."

"Ya kukamulia nini?"

Alijua. Alitaka niseme. "Ng'ombe, Sista."

Nilisubiri paa la kanisa liniangukie kwa hisani yake. Halikuanguka. Baba Shiro alisimama pole pole, akaelekeza kidole kwenye skrini, akasema, "Kumbe muda wote tulikuwa tunapigia makofi chapati!"

Sitawaeleza kicheko kile. Kuna waliotoka nje ili wacheke vizuri. Mama mmoja alikaa chini kabisa, sakafuni. Mimi nilisimama pale pale mbele, masikio yakiwaka moto, nikimwangalia mtu mmoja tu kule mlangoni, naye alikuwa ameshika mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika, na nilidhani analia. Haikuwa kulia.

"Kyalo," akasema alipopata pumzi, "wewe? Na ile hotuba yote?"

"Na ile hotuba yote, Anti."

Akarudi. Alirudi akishika viti kama alivyotoka, akaketi kiti cha mbele, akasema, "Haya daktari. Kama huyu ndiye mfano wa macho mazima, basi anza upya."

Ndipo jambo ambalo sikulitarajia likatokea. Yule mama aliyekuwa sakafuni akainua mkono, akasema yeye alipaka dawa ya meno chini ya macho alipotoka nyumbani, kwa kuogopa gesi, ila aliona haya baada ya hotuba. Kijana mmoja wa mjengo akasema naye ni mafuta ya kupikia. Mikono ikaendelea kuinuka. Baba Shiro alikuwa wa mwisho, akakiri kwa heshima zote kwamba yeye alitumia rangi ya viatu isiyo na rangi, ile ya kung'arisha tu. Collins alishika kichwa. Zile picha kumi na moja za asubuhi, zilizomchanganya, akazifuta zote moja baada ya nyingine. Ikaletwa karai, watu wakaosha nyuso, Sista Rosa akapita na pamba na maji ya chumvi akitufuta kope kama watoto wa chekechea, tukaambiwa tungoje hadi alasiri. Hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyeuliza tena orodha inaenda wapi. Watu waliokwisha kuambizana walichojipaka hawana siri kubwa iliyobaki.

Alasiri nilipimwa tena wa kwanza. Anti ndiye aliyesisitiza. Na jicho langu, jamani, lile la dhahabu, lilikuwa kijivu. Collins akaniuliza kama husoma sana kwenye kompyuta, nikasema huwa nashinda kwenye kompyuta za saiba nikitafuta kazi, akasema inaonekana, sipepesi. "Yanakauka kabla ya kuhesabu tano."

"Ni ya ukoo," Anti akasema, akiwa na raha isiyofichika.

Kisha ikaja ile picha ya pili. Collins akamgeuza Anti kope ya chini kwa kidole, akaimulika kwa mwanga ambao sisi hatuuoni ila kamera inauona, na kwenye skrini ikatokea kitu ambacho sikuwahi kukiona: mistari myeupe, midogo, imesimama sambamba ukingoni mwa kope, mmoja baada ya mwingine. Ndizo tezi, akasema. Zikifa mistari hufutika na hairudi. Akasogea kuitazama. Nami nilikuwa nahesabu mistari na kuogopa.

Anti Mwikali alisogea karibu na skrini, pua karibu iguse, akapepesa, akatazama haraka kabla haijawa mbili.

"Hiyo ni mishono," akasema.

"Ni tezi, Mama."

"Nakwambia ni mishono. Hapa imeruka. Na hapa imelegea. Lakini angalia upindo wote, kutoka hapa mpaka hapa." Akapitisha kidole kwenye kioo. "Huu haujaachia. Huu unarekebishika."

Collins akaangalia alipoonyesha, akaangalia tena, akacheka. "Ndivyo nilivyotaka kusema. Zimeziba, hazijafa. Hutapofuka kwa hili, Mama."

Anti aliketi na mikono mapajani, na machozi yakamtoka, ya maji na ya mafuta sijui, hakuna aliyeyapiga picha. Dawa yake haikuwa miujiza: kitambaa cha maji moto juu ya macho asubuhi na jioni, kuikanda kope taratibu, matone, na kupepesa kila anapofika mwisho wa mshono. Wiki kadhaa baadaye sindano ilibaki moja hadi saa kumi. Basi la Ijumaa liliondoka bila yeye, mke wa pasta aliombwa radhi, na wale watoto walivaa sare. Nilizipeleka mwenyewe, zimekunjwa, na msichana mmoja alivaa yake hapo hapo juu ya gauni lake, akazunguka aone kama inapepea.

Collins alitupa nakala ya ile picha ya kope. Anti ameibandika juu ya cherehani mpaka leo. Wateja wapya hudhani ni sampuli ya mshono, na kuna mmoja aliwahi kuagiza wa aina hiyohiyo.

Mimi bado nauliza kila kitu, sitawadanganya kwamba nimeacha. Lakini nimejiapia jambo moja: kabla sijaikagua mashine ya mtu, hotuba ya mtu, au akili ya mtu, kwanza najipitisha kidole kwenye kope na kukiangalia. Na kila jioni, Anti na mimi tukiwa tumeketi mlangoni kule Lindi, vichwa nyuma, vitambaa vya moto usoni kama watu wawili wanaonyolewa, Oti akipita hupiga kelele, "Mnaivaje hapo?"

Na Anti, bila kutoa kitambaa, hujibu: "Mmoja ameiva. Huyu mwingine bado tunamgeuza."